Karatasi Juu ya Alama ya Moto

Kila Ijumaa alasiri nyumba yetu hapa Rongo huwa na pilikapilika kama stendi. Sisi ni Waadventista, na chakula chote cha Sabato lazima kiive kabla jua halijatua. Mama hupika maharagwe kwenye jiko la makaa uani. Mimi huosha sufuria huku nikinung'unika, na hata kunung'unika lazima nimalize mapema.

Ijumaa hiyo nilimaliza haraka mno, mpaka Mama akanitilia shaka.

"Nyamusi, leo una nini?"

"Kazi ya klabu, Mama."

Haukuwa uongo. Klabu yetu ya sayansi ina kompyuta moja kuukuu tunayoiita Mzee. Ukiiwasha, baada ya dakika ishirini inapata joto na kujizima, kama mwalimu aliyechoshwa na maswali. Jumatatu tulitakiwa kuionyesha Homa Bay kwenye maonyesho ya sayansi, na joto la Homa Bay si la kuchezea. Mzee akizima mbele ya majaji, mwaka mzima wa klabu umekwenda na maji.

Mimi na Maranga, jirani yangu na mwanaklabu mwenzangu, tulikuwa na dawa yake. Ndani ya mabomba ya friji kuna gesi. Kompresa, lile dude jeusi la nyuma linalonguruma, huibana gesi hiyo, nayo ikipoa hugeuka kuwa majimaji. Majimaji yakifika sehemu ya baridi huwa gesi tena, na katika kugeuka huko huchukua joto la kitu kilicho karibu. Ni kama ile spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano: inakauka, mkono unapoa, halafu unalia. Tulitaka kutoa mabomba hayo kwenye friji na kuilaza sehemu ya baridi juu ya ubongo wa Mzee.

Mjomba Zablon, ndugu yake Mama, ni fundi wa friji. Alitupatia friji ndogo iliyong'oka mlango, akaiweka kwenye stoo yetu. Kisha akaenda Isebania kutafuta vipuri, baada ya kutuagiza, "Anzeni kwa kupima na kuchora. Bomba msiguse mpaka nirudi."

Angerudi Ijumaa jioni. Jioni hiyo Sabato inaingia, na Jumamosi hatufanyi kazi. Tungebaki na Jumapili peke yake.

Hata hivyo, kazi moja muhimu kabisa tulikuwa tumeshaikamilisha: jina. Tuliandika RONGO BARIDI kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi. Mahali pazuri pa kuibandika kwenye kompresa palikuwa na alama ya manjano yenye picha ya moto.

"Hiyo inasema dude hili likifanya kazi linapata moto," Maranga alieleza kwa sauti ya daktari. Tukabandika jina letu juu yake.

Mvua ikaanza kunyesha. Tukafunga dirisha na mlango wa stoo, nami nikashika msumeno wa chuma.

"Mjomba wako alisema tungoje," Maranga akanikumbusha.

"Mjomba anataka kukata yeye ili apigwe picha. Shika hapo."

Nilikata kidogo tu. Bomba likaanza kulia: sssss. Tuliruka nyuma wote wawili.

"Inanuka?" nikauliza.

"Hainuki. Gesi ya kupikia inanuka. Hii ni hewa tu, acha woga."

Hewa gani isiyoisha? Nilipokuwa nikijiuliza hivyo, mlango ukagongwa.

"Nyamusi, fungua. Mvua itanizimia jiko, na maharagwe bado mabichi."

Maranga alivuta gunia akaifunika friji. Mimi nilifungua mlango kidogo, nikaziba nafasi kwa mwili wangu, ambao si mwili wa kuziba kitu. Mama alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, ameshika jiko kwa kitambaa. Makaa yalikuwa mekundu.

"Pikia hapo hapo, Mama. Huku tunafagia."

"Wewe? Tangu lini unafagia bila kutumwa? Sogea, jiko linaniunguza."

Nikayatazama makaa. Nikaikumbuka ile picha ya moto chini ya karatasi yetu, na mara nikajua nilikokuwa nimeiona. Iko nyuma ya malori ya mafuta yanayopita hapa kila siku kwenda mpakani. Malori yale hayabebi kompresa.

Nyuma yangu gunia liliendelea kulia. Nikisema ukweli, hakuna Homa Bay, na labda kuna kiboko. Mama akainua mguu avuke kizingiti.

"Mama, usiingie na moto." Sauti ilitoka ndogo. "Nimekata bomba la friji. Gesi inatoka."

Alirudi nyuma hatua tatu, akalimwaga jiko lote kwenye dimbwi la mvua. Maranga alikuwa amenyoosha mkono awashe taa.

"Acha swichi hiyo, itatoa cheche," Mama akasema. "Tokeni nje."

Alizunguka akafungua dirisha kwa nje. Tulisimama mvuani, tumelowa chapachapa, mpaka mlio ukaisha, kisha tukasimama tena muda mrefu.

Mjomba alifika jua likikaribia kutua. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Aliondoa gunia, akaibandua karatasi yetu taratibu.

"Soma."

"Hakuna maandishi, Mjomba. Ni picha."

"Basi isome picha."

"Moto," nikasema.

"Gesi ya friji hii inawaka. Haina harufu ya kukuonya, na ni nzito kuliko hewa. Inatulia chini sakafuni, pale pale mama yako angeweka jiko."

Maranga akakaa chini kwenye ndoo. Hakuwa daktari tena.

Maharagwe hayakuiva, kwa hiyo Sabato hiyo tulikula mkate na parachichi, na kila nilipotafuna Mama alinitazama. Jumapili Mjomba alihamishia kazi uani, mbali na jiko la Mama. Aliunga bomba mwenyewe, akaondoa hewa, akajaza gesi kwa kipimo. Sisi tulifunga sifongo kwenye sehemu ya baridi ili umande usimdondokee Mzee, tukaandika joto lake kila baada ya dakika tano. Dakika ishirini zikafika. Thelathini. Saa nzima ikapita, na Mzee bado anawaka.

"Kwa hiyo twende Homa Bay?" nikauliza kwa woga.

Mama alimwachia Mjomba ajibu.

"Mtakwenda, na mtawaeleza majaji mlivyoanza, bila kuruka kitu," alisema. "Kukata bomba ulikuwa ujinga, Nyamusi. Ujinga unafundishwa ukaisha. Lakini ungenyamaza pale mlangoni, leo nisingekuwa na mtu wa kumfundisha. Ukikosea, sema mapema, hata kama midomo inatetemeka."

Akanirudishia ile karatasi yenye jina letu. Nikaibandika upya, chini kabisa ya alama ya moto, bila kuifunika.