Mkono wa Nguo Nyeupe

Mteja wa mwisho alikuwa bado anajigeuza mbele ya kioo, gauni la zambarau likimbana kiunoni, mwanamume mrefu mwenye kovu kwenye nyusi aliposukuma mlango wa duka la ushonaji kwa bega. Alivaa suruali ya mazoezi na kandambili, na kifuani alikumbatia nguo nzito nyeupe kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Fundi, niokoe. Nimeifua kwa maji ya moto."

Fundi akaikunjua. Nguo ya judo. "Nani alikudanganya kwamba pamba kama hii inafuliwa kwa maji ya moto?"

"Hakuna. Mama yuko mbali, ndiyo matokeo yake."

Fundi akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka upesi hivyo. Alipomvalisha, mikono ya nguo iliishia mbali na vifundo vya mikono yake. Mgeni akaeleza kwamba mashindano ya bara yanaanza kesho, ukumbini ng'ambo ya barabara. Mkaguzi humpima kila mtu mlangoni, maana mikono mifupi humnyima mpinzani mahali pa kushika. Isipofika, hupigani.

"Upindo wa ndani ni mpana, nitaufumua. Kesho kabla hujaitwa, utakuwa nayo."

"Na mimi, nishinde nishindwe, nitapita tunywe chai. Nakuahidi."

"Maneno ya wasafiri hayo."

"Nijaribu uone."

Fundi alibaki akitabasamu peke yake. Alikuwa ameshafumua mkono mmoja simu ilipolia. Ni mdogo wake, aliyemlea mwenyewe, mchezaji wa timu ya nyumbani.

"Dada, nimepangiwa kigogo! Yule mrefu mwenye kovu kwenye nyusi. Kocha kasema nikitolewa raundi ya kwanza, nisahau timu ya taifa."

Sindano ikasimama. Fundi hakuwa na desturi ya kumficha kitu, akamwambia kwamba nguo ya mtu huyo ndiyo anayoishona.

"Basi mwambie cherehani imeharibika."

"Siwezi."

"Mimi au yeye, dada?"

"Wewe ni damu yangu. Lakini nimeshampa neno langu."

Simu ikakatwa. Haikupita muda ikalia tena, safari hii sauti ya mgeni, aliyeisoma namba kwenye kibao cha duka, baridi.

"Kumbe mpinzani wangu ni mdogo wako, wenzake wameniambia. Nirudishie nguo kama ilivyo."

"Nimejua sasa hivi tu. Na imeshafumuliwa. Niamini."

"Nitajuaje?"

"Hutajua. Utasubiri."

Asubuhi fundi alimkuta mgeni mlangoni mwa ukumbi, uso umekunjamana, akampa nguo. Mgeni akaivaa, akanyoosha mikono. Mkaguzi akaweka kipimo, akavuta kitambaa, akatikisa kichwa kukubali. "Pita."

Mgeni akamgeukia fundi, mdomo wazi, lakini jina lake lilikuwa limeshaitwa.

Wakainamiana, mdogo wake kwa nguo ya buluu, mgeni kwa nyeupe. Fundi hakujua amwombee nani. Walisukumana, wakavutana, mpaka mdogo wake akanasa mkono wa nguo nyeupe palepale penye mshono mpya, akavuta kwa nguvu zake zote. Uzi ulishika. Mgeni akapaa juu ya bega la kijana, akatua chali. Ukumbi ukalipuka. Fundi alipiga makofi huku akilia, na hakuweza kusema analia kwa ajili ya yupi.

"Uzi wako haukukatika, dada," mdogo wake alimnong'oneza baadaye, akimkumbatia. "Ungekatika, ningeshika hewa. Nisamehe."

Jioni basi la timu ya kigeni lilipita mbele ya duka, likielekea uwanja wa ndege. Fundi alilisindikiza kwa macho. Kisha akaanza kurudisha kabatini vikombe viwili alivyokuwa ameviandaa, akijiambia kwamba ni upumbavu.

Mlango ukasukumwa kwa bega. Mkono mmoja wa mgeni ulikuwa umefungwa bendeji.

"Basi limeondoka," fundi alisema.

"Nimeliona. Kocha amesema nitafute usafiri wangu mwenyewe."

"Kwa ajili ya chai tu?"

"Chai, na samahani. Mdogo wako alinishika pale pale uliposhona."

"Ulitaka niuache mfupi?"

"Hapana." Akaketi, akaweka mkono mbovu mezani. "Ulishona vizuri. Mimina, bwana, ndege haitanisubiri."

Fundi akamimina, taratibu kabisa.