Ng'ombe wa Weldon Wamelala Boito

Siku ya soko Litein hujaa hadi mtu anakanyagwa na asiulize ni nani. Lakini Chepngeno alisimama. Mbele ya duka la dawa za mifugo, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa akimvisha ng'ombe mkanda wa shingoni wenye kidude cheusi.

"Hiyo ni simu umefungia ng'ombe?" Chepngeno akauliza. "Sasa itapigia nani?"

"Itapigia mwenyewe. Ikiwa mgonjwa, unapata meseji. Ikiibiwa, unaona kwa simu iko wapi."

"Na ikikosa kitu ya kusema?"

"Inanyamaza. Si kama watu wengine."

Watu wakacheka, na Chepngeno akacheka kuliko wote. Alikuwa amevaa sweta ya kijani na sketi ya maua. Kijana, Momanyi wa kutoka Kisii, alikisikia kicheko kile hadi alipolala. Chepngeno ndiye aliyesimamia kituo cha maziwa cha Boito. Kabla ya mwezi kuisha wafugaji wake wakanunua mikanda, na Momanyi akapata sababu ya kupanda Boito kila wiki. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nangoja unipikie."

"Basi utalala njaa. Mimi niko Boito, kwa baridi."

"Baridi si iko na dawa?"

"Momanyi, lala."

Mapenzi yakanoga. Ubaya ni kwamba Momanyi aliweza kuona ng'ombe wa kila mteja kwenye simu yake. Kazi ilimtaka aone, arekebishe mkanda ukiharibika. Lakini akazoea kuchungulia hata pale ambapo hakuna kilichoharibika.

Asubuhi moja, akinywa chai, akaona kwenye simu ng'ombe wawili wa Weldon wamehama kutoka kwake Sosiot. Walikuwa wamelala Boito, kwa mzee Bethwel, babake Chepngeno. Weldon naye alikuwa mteja, kijana mwenye pikapu na asiye na mke. Ng'ombe kutoka kwa kijana kwenda kwa kina msichana! Kwa Momanyi hayo yalikuwa mahari, basi. Chai ikapoa mkononi.

Siku mbili hakupokea simu za Chepngeno. Alipopokea, alisema kwa ukavu, "Hongera. Naona mahari imefika."

"Mahari gani?"

"Ng'ombe za Weldon ziko kwenu. Nimeona kwa simu."

"Skiza. Babake Weldon na baba yangu wamewekeana ng'ombe tangu wakiwa vijana. Huku kwetu mtu haweki ng'ombe zake zote boma moja. Ugonjwa ukiingia kwako, zile ziko kwa rafiki zinabaki. Ungeuliza, ningekuambia."

"Chep, sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza. Ulichungulia boma ya baba kupitia shingo ya ng'ombe. Ukinioa, mimi utanifunga mkanda gani?"

Akakata simu.

Momanyi aliumia, na ilikuwa haki yake aumie. Alimpenda Chepngeno, na alijua wazi kwamba anaweza kumpoteza. Wiki hiyo aliwazungukia wateja wote, akapanga upya kila mkanda ili ng'ombe aonekane kwenye simu ya mwenyewe peke yake. Bosi wake akanung'unika sana. Kwa mzee Bethwel aliomba radhi kofia ikiwa mkononi. Chepngeno alibaki jikoni, hakutoka hata kumsalimia.

Majani chai yakachumwa, mvua ya alasiri ikanyesha kama kawaida. Chepngeno alimtamani, ila hakumwambia mtu.

Jumamosi moja, akiosha mitungi ya maziwa nyumbani, simu yake ikalia. Mtamba wako ameingia Boito, meseji ikasema. Mtamba gani, na yeye hana hata mbuzi? Akafungua ramani. Alama ndogo ya bluu ilikuwa ikipanda polepole barabara ya kwao, ikakata kona, ikasimama langoni.

Akatoka na aproni yake. Momanyi alisimama pale na mtamba mweusi, shati jeupe limejaa matope.

"Mzee," alikuwa akimwambia Bethwel, "naomba uniwekee huyu. Kwetu boma ni moja, na naogopa ugonjwa."

Bethwel akamzunguka mtamba, akamshika nundu ya mgongo. "Sisi huwekeana na marafiki."

"Ndiyo nimekuja kuuliza, mzee. Kama naweza kuwa rafiki."

Mzee akafikiri, kisha akaipokea kamba na kumpeleka mtamba ndani.

"Na mbona meseji inakuja kwangu?" Chepngeno akauliza.

"Mimi siwezi kumwona. Ni wewe pekee. Nikitaka habari yake, itabidi nikupigie nikuulize."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na kuna lingine nataka kuuliza, si la ng'ombe."

"Uliza."

"Wazee wangu waje lini?"

Chepngeno akajifuta mikono kwa aproni, taratibu.

"Waje Jumamosi ijayo," akasema. "Na waambie huyu mtamba hahesabiwi. Huyu ni wa urafiki."