Leza ya Majivu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasalimu watu wa nyumbani, Kathambi aliingia katika bafu la mabati, akasimama mbele ya kipande cha kioo na kukikagua kidevu chake. Chini ya kidevu palikuwa na nywele. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa nyeusi ti, naye alizijua moja moja kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Alizing'oa kwa kucha huku akiuma midomo, kisha akakimbilia shuleni. Njiani mkono wake ulirudi kidevuni tena na tena, kuhakikisha.

Darasani hakutulia. Alikuwa darasa la saba katika shule moja ya msingi karibu na Nkubu, na hadi mwaka huo wa 1998 alikuwa msichana wa kucheka ovyo na kujibu maswali kabla hayajamalizika. Mambo yalibadilika siku Munene, mvulana wa dawati la nyuma, alipoinuka na kumwachia nafasi.

"Kaa hapa, mzee," Munene alisema. "Mtu wa ndevu hawezi kusimama."

Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo wavulana walimwita Mzee, na Kathambi akawa na tabia ya kukaa kiganja kikiwa kidevuni, kama mtu anayefikiria mambo makubwa. Hakuwa akifikiria lolote ila nywele.

Nywele zenyewe hakuziokota njiani. Alizirithi kwa nyanya yake, mama mzazi wa baba yake. Nyanya pia aliitwa Kathambi, kwani kwao mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake, na watu hupenda kutafuta alichochukua kwake. Nyanya alikuwa na nywele nyeupe kidevuni na hakuzificha hata kidogo. Alizipapasa kila alipotafakari jambo.

"Hizi ni zetu, wajina," alipenda kumwambia mjukuu wake. "Mama yangu pia alikuwa nazo."

Kathambi alitabasamu kwa adabu, lakini moyoni alinung'unika. Katika mambo yote ya kurithi kwa mwanamke yule hodari, kwa nini hakurithi sauti yake ya kuimbia kanisani?

Siku moja Shangazi Winfred, dada ya baba yake aliyekuwa muuguzi hospitalini, alileta majarida ya kizungu yaliyoachwa na daktari mgeni. Katika jarida moja Kathambi aliona makala kuhusu mashine za kuondoa nywele mwilini. Alilificha ndani ya sweta, akalipeleka shuleni. Wakati wa mapumziko yeye na rafiki yake Winrose walijibanza nyuma ya darasa, kamusi ikiwa magotini.

"Leza ndiyo nini?" Winrose aliuliza.

"Ni mwanga. Wanakumulika, mwanga unaingia kwa nywele, unachoma mzizi. Basi, hairudi tena."

"Kama tochi?"

"Tochi gani, wewe! Tochi inaweza kuchoma nini?"

Walizilinganisha leza hizo kama akina mama wanaochagua leso sokoni. Kulikuwa na leza ya rubi, iliyozitangulia nyingine. Kulikuwa na ya aleksandraiti, iliyosifiwa kwa kasi, na ya diodi, na nyingine iliyoitwa yagi, ambayo mwanga wake ulisemekana kuzama zaidi ngozini. Winrose alipenda aleksandraiti kwa sababu ya jina lake refu. Kathambi aliichagua rubi kwa kuwa karibu nayo palikuwa na picha ya msichana mwenye kidevu laini kama yai. Chini ya picha palikuwa na maelezo marefu kuhusu rangi za ngozi. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, naye alikuwa na haraka, kwa hiyo akayaruka.

"Sasa hiyo mashine iko wapi?" Winrose aliuliza.

"Ng'ambo. Labda na Nairobi."

"Basi pole, Mzee."

Winrose alisema kwa utani, lakini neno hilo lilimchoma. Hata rafiki yake! Kathambi alilikunja jarida akaondoka bila kuaga. Kichwani mwake lilibaki jambo moja tu: kuchoma mzizi.

Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa Bundi, kaka ya baba yake, aliwatembelea kutoka Kiirua, na mbuzi akachinjwa. Kathambi alimtazama Baba Mkubwa akikishughulikia kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu. Alikimwagia maji yanayochemka, akakipaka majivu, akakwangua kwa kisu. Nywele zilitoka kwa mafungu, na ngozi ikabaki nyeupe, safi kabisa.

"Majivu ndiyo dawa," Baba Mkubwa alimwambia. "Bila majivu utakwangua mpaka kesho."

Kathambi aliruka pale alipokaa. Kumbe leza ilikuwa jikoni kwao siku zote! Hakukumbuka kwamba mbuzi yule alikuwa amekufa na hakuwa na la kuhisi.

Jioni, wageni wakiwa bado wanazungumza sebuleni, alichota majivu akayakoroga na magadi ambayo Nyanya alitumia kulainisha maharagwe. Alijipaka kidevuni, akafunga leso, akajificha nyuma ya ghala. Dawa hiyo ilipoanza kuwasha alijiambia kwamba sasa inafanya kazi. Ilipoanza kuunguza alijiambia kwamba hata rubi lazima huunguza. Alivumilia mpaka machozi yakamtoka, kisha akakimbilia pipa la maji na kujinawa kwa nguvu. Akajipapasa. Nywele zilikuwa bado zipo. Kilichotoka ni ngozi.

Asubuhi mama yake alimwona akijaribu kufunga sweta hadi masikioni.

"Woi! Kathambi, shingo yako imefanya nini?"

Kathambi alivuta sweta juu zaidi. Je, aseme kwamba alijipaka majivu kama kichwa cha mbuzi? Munene angelisikia hilo, angecheka mpaka Krismasi.

"Ni uji, Mama. Jana jioni Nyanya alikuwa ananimiminia, mkono wake ukatetemeka."

Uongo huo ulikubalika haraka kuliko alivyotarajia. Ni kweli kwamba mikono ya Nyanya ilitetemeka kidogo siku hizo. Mama alitoka nje, akaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Nyanya, Kathambi akimfuata nyuma kwa hofu.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba ulimchoma mtoto?" Mama aliuliza, sauti ikiwa ya heshima lakini nzito.

"Mimi?" Nyanya aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule. Akaanza kupapasa kidevu. "Sikumbuki. Lakini siku hizi nasahau mambo. Labda ni mimi."

Kathambi alingoja Nyanya akatae. Angekataa, pengine ukweli ungejitokeza wenyewe. Nyanya hakukataa.

Habari ilipita ua hadi kwa Mama Mbaabu, jirani yao, na kufikia jioni wanawake wote wa jumuiya yao ya kanisa walijua kwamba mzee yule hafai tena kuachwa na moto. Baba alitia kufuli jikoni kwa Nyanya. Akatuma ujumbe Kiirua kwamba Baba Mkubwa aje Jumamosi amchukue mama yao, akaishi huko pamoja na wakaza wanawe ambao wangempikia na kumchunga.

Wiki hiyo Kathambi hakupata raha. Akikaa, aliinuka. Akiinuka, hakujua aendako. Chakula kilimshinda. Mara kadhaa alimwendea mama yake, akasema, "Mama, kuna jambo," kisha akaomba chumvi au sindano. Nyanya alikaa nje ya jiko lake lililofungwa, mikono ikiwa chini ya kanga. Hata kikombe cha chai alikataa kukishika mbele ya watoto.

Kidonda nacho kilianza kutoa maji. Alhamisi Mama alimpeleka hospitalini, na Shangazi Winfred akakitazama kwa muda mrefu.

"Uji humwagika kwenda chini," Shangazi alisema. "Huu wako ulipanda juu chini ya kidevu, ukaacha kifua?"

"Nilikuwa nimeinua kichwa," Kathambi alijibu.

"Nisikilize. Mtu aliyeungua kwa uji na aliyeungua kwa dawa kali hawatibiwi kwa njia moja. Ukinificha ukweli, unajiumiza wewe mwenyewe."

Kathambi aliinua kidevu zaidi, akakazia macho dari. Shangazi alisafisha kidonda, akakifunga bandeji, wala hakumuuliza tena.

Jumamosi pikapu ya Baba Mkubwa iliingia uani mapema. Godoro la Nyanya lilipakiwa, na kiti chake, na sufuria zake ambazo hakuna aliyejua zingemfaa nini huko. Shangazi Winfred alikuja kumuaga mama yake. Nyanya alimpita kila mtu, akaja kusimama mbele ya Kathambi.

"Nisamehe, wajina," alisema. "Nimekuharibia shingo. Kila siku namwomba Mungu anikumbushe nilivyokumwagia, na bado sikumbuki. Lakini nisamehe."

Kathambi alilitazama godoro lililokwisha kupakiwa. Alijua kwamba pikapu ikitoka nje ya lango lile, Nyanya angebeba kosa hilo mpaka kaburini.

"Si wewe!" alipiga kelele. "Hukunimwagia kitu! Nilijipaka majivu na magadi nitoe ndevu. Ni mimi, Nyanya. Nilidanganya!"

Baba Mkubwa aliuacha mlango wa pikapu wazi. Mama alishika kichwa. Nyanya aliitoa mikono yake chini ya kanga, akaitazama kana kwamba amerudishiwa.

"Mtoto wangu," alisema taratibu, "wiki nzima nimekuwa nikiiogopa mikono yangu mwenyewe."

Kathambi alilia kwa sauti. Angechapwa, ingekuwa afadhali.

Nyanya alipanda pikapu, akaketi kwenye kiti chake kilichokuwa kimepakiwa, akisema hashuki mpaka kufuli itoke jikoni. Baba aliinama kwa aibu, akaenda kuifungua. Shangazi alimshika Kathambi mkono, wakaketi ukumbini, naye Kathambi akaeleza yote, kuanzia Munene hadi rubi.

"Ulisoma makala yote?" Shangazi aliuliza.

"Niliruka maelezo chini ya picha."

"Hapo ndipo palikuwa na maneno yaliyokuhusu. Mwanga wa leza hutafuta rangi nyeusi. Kwa mtu mweupe huikuta kwenye nywele. Kwetu sisi rangi iko hata kwenye ngozi, kwa hiyo hiyo rubi uliyoipenda ingekuunguza. Yagi ndiyo inayopita ngozi yetu kwa usalama zaidi, na hata hiyo inataka daktari anayeijua kazi yake. Leza hazifanani, na ngozi hazifanani. Nywele zako si ugonjwa. Zikikusumbua, njoo uniulize, nitakuonyesha njia isiyoumiza. Kuuliza kungekuokoa wewe, na kungemwokoa mama yangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga ikiwa imefungwa kiunoni. Hakuwa ameinua sauti hata mara moja.

"Umetubu hapa nyumbani, na hilo ni jema," alisema. "Lakini uongo haukukaa hapa nyumbani. Mimi mwenyewe niliupeleka kwa Mama Mbaabu, na yeye akaupeleka kwingine. Mtu akisema uongo kuhusu mwenzake, anamchukulia jina lake. Jina halirudishwi kwa machozi. Linarudishwa kwa mdomo uleule uliolichukua. Vaa viatu, twende. Nami nina yangu ya kusema."

Walianzia ng'ambo ya ua. Mama Mbaabu alikuwa akianika mahindi, na binti zake walikuwa karibu, na kando yao alikuwa Munene, aliyetumwa kuazima jembe. Kathambi alipomwona alitaka kugeuka. Aliitazama njia ya kurudi, akamtazama mama yake, akapiga moyo konde. Aliuondoa mkono kidevuni.

"Shikamoo, Mama Mbaabu," alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba nyanya yangu hakunichoma."