Mke wa Kwenye Wimbo

"Vua pete, Verlene."

Roydell alisema hivyo bila kunitazama, akifunga vifungo vya shati lake la hariri mbele ya kioo cha gari la bendi. Tulikuwa nyuma ya ukumbi mkubwa wa mji wa Jackson, Jumapili ya Siku ya Mama, jua bado linachoma. Wanawake walikuwa wameshapanga foleni na maboksi yao ya barafu yenye vinywaji, wengine na kofia walizotoka nazo kanisani.

"Leo pia?" nikamuuliza.

"Leo ndiyo kabisa. Hawa wote wamekuja kwa ajili yangu."

"Uliniahidi, Roydell."

"Nakumbuka nilichoahidi. Vua kwanza. Nitakuita jukwaani, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nikaivua, nikaitia mfukoni mwa aproni ninayovaa nikiuza fulana. Chini ya aproni nilikuwa na gauni jeupe jipya. Yeye hakuliona.

Ngoja niwaeleze ili msinione mjinga bure. Mkishaelewa mnaweza kuniona mjinga kwa haki.

Mimi na Roydell Spights tulikutana kwenye kiwanda cha kambare nje ya Indianola. Mimi nilikuwa mkata minofu, yeye akiendesha lori la chakula cha samaki kwenda mabwawani. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akituimbia nyimbo za kumsema msimamizi, watu wakicheka hadi wanapaliwa. Akanioa kwenye kanisa la mama yangu, na mchungaji akatuonya kuhusu muziki wa vilabuni hata kabla keki haijakatwa.

Nyimbo zake zote alizitungia mezani jikoni kwangu, akigonga mdundo kwa uma. Akikwama ananiuliza mke angesemaje hapo. Siku moja nilimwambia, mwanamke aliyechoka kweli hapigi kelele. Anakufunikia sahani yako kwa foili, anaiacha juu ya jiko, anakwenda kulala. Roydell akaacha kugonga uma. Kabla chai haijapoa alikuwa na "Sahani Yako Iko Jikoni", na huo ndio wimbo uliotutoa. Kuanzia Tupelo hadi Mobile, hapakuwa na sherehe ya kuzaliwa iliyokwisha bila wimbo huo kupigwa.

Hili la pete lililetwa na promota mmoja wa Hattiesburg. Alisema muziki wetu unanunuliwa na wanawake, na mwanamke hatoi kiingilio ili akonyezwe na mume wa mtu aliyekaa pale pale. Basi nikawa binamu. Mwanzoni tulicheka. Kitandani Roydell alikuwa akininong'oneza, "Binamu, sogea huku," nami nampiga na mto. Halafu miaka ikapita, utani ukaisha, ubinamu ukabaki. Kila shoo kulikuwa na mwanamke anayeinama kwenye meza yangu ya fulana na kuniuliza kwa sauti ya chini kama huyu kaka ana mtu. Nami najibu, "Mambo yake siyajui, dada. Saizi gani?"

Ila aliniapia kitu kimoja. Siku atakapokuwa wa mwisho kupanda jukwaani Jackson, nafasi ya mwimbaji mkubwa, atanipandisha na kuwaambia watu mke wake ni nani. Nilikuwa sitaki nyumba wala gari. Nilitaka hilo tu, mara moja, mbele za watu. Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo.

Nilipokuwa napitisha boksi la fulana nyuma ya jukwaa nikamwona Lakendria kwenye meza ya chakula. Huyu alikuwa mwitikiaji mpya, binti wa Eutaw, Alabama, aliyejiunga nasi wakati wa Pasaka. Ana adabu, ananiita Bi Verlene, na sauti yake ni tamu, siwezi kuikana. Alikuwa anapakua sahani.

Kwetu, kumpakulia mwanamume si kumsaidia tu. Kwenye chakula cha mazishi au pikniki ya ukoo, ukitaka kujua nani yuko na nani, huulizi. Unatazama nani anampakulia nani.

Lakendria alitandika slesi mbili za mkate mweupe, akaweka samaki juu ili mafuta yanyonywe. Haradali akaiweka pembeni. Kachumbari ya kabichi akaitia kwenye kibakuli chake peke yake, maana Roydell hali samaki aliyeguswa na kabichi. Mpaka hapo nikajiambia, mtoto ana macho, ametazama anavyokula. Kisha akachukua kipande cha keki, akakikwangua sukari yote ya juu kwa kisu.

Jino la Roydell lilianza kumuuma wiki ile ile. Alikuwa analificha, mwimbaji hataki watu wajue mambo ya mdomo wake. Nilidhani najua mimi tu.

Nikaweka boksi chini.

"Nani alikwambia habari za jino?"

Kisu kikasimama.

"Bi Verlene..."

"Nimekuuliza jambo dogo tu."

"Aliniambia mwenyewe. Asubuhi moja, tulipokuwa tunakunywa kahawa."

Akasikia alichokisema. Macho yakamjaa machozi pale pale, na mimi nikashika ukingo wa meza.

"Kwani wewe hujui mimi ni nani yake?" nikasema.

"Binamu yake."

"Na ukaamini?"

"Wewe ndiye uliniambia," akasema. "Siku ya kwanza. Nilikuuliza kwenye meza ya fulana kama ana mtu. Ukaniambia mambo yake huyajui."

Ilikuwa kweli. Nilimwambia hivyo na kumuuliza saizi.

"Mimi ni mke wake," nikamwambia, na lilikuwa neno geni hata mdomoni mwangu.

Alitazama ile sahani kama vile imekuwa ya moto. Halafu bendi ikaitwa ipande, akaiacha mezani, akaenda anajifuta uso.

Mtauliza kwa nini sikuondoka saa ile. Nilitaka kwanza aniite mke wake, kisha nimwache. Nitamwachaje mtu ambaye hakuna anayejua kuwa ni wangu? Nikavua aproni, nikaishika pete mkononi, nikasimama kando ya jukwaa na gauni langu jeupe.

Roydell aliimba vizuri jioni ile, Mungu anisamehe kwa kumsifu. Alipofika kwenye "Sahani Yako Iko Jikoni" ukumbi mzima ulisimama ukipunga mapepeo ya mkononi. Katikati ya wimbo huo bendi hushusha muziki, naye humwita mwanamke mmoja kutoka kwa watazamaji aigize mke. Mwanamke anapewa sahani iliyofunikwa foili, anamkaripia kidogo, watu wanacheka, wimbo unaendelea. Muziki ukashuka. Akanyanyua mkono.

"Mama zangu, leo sichagui mtu huko chini. Leo nataka mmuone mtu mmoja aliyenibeba miaka yote."

Nilisahau keki, nilisahau asubuhi na kahawa. Nawaambia ukweli, kwa dakika ile nilikuwa nimeshamsamehe.

"Mnamjua, ndiye anayewauzia fulana. Binamu yangu Verlene. Binamu, panda. Leo wewe ndiye mke wangu."

Wakacheka na kupiga makofi. Naye akanikonyeza, ametosheka kabisa, mtu aliyelipa deni lake. Hadi leo naamini alidhani ametimiza ahadi.

Nikapanda. Nikapewa sahani, nikapewa maikrofoni.

"Mimi si binamu yake," nikasema.

Kicheko.

"Alinioa kanisani kwa mama yangu. Wimbo huu aliutungia jikoni kwangu, na maneno ya sahani ni yangu."

"Mwambie, mama," akaitikia mwanamke mmoja wa mbele mwenye kofia ya zambarau.

"Kila shoo ananivua pete kwenye gari ili nyinyi mumdhanie hana mtu. Na leo nimejua anakunywa kahawa ya asubuhi na yule binti pale nyuma."

Kila nilichosema kilipokewa kwa shangwe. Lakendria akafunika uso kwa mikono miwili, na watu wakampigia makofi, wanadhani naye anaigiza. Roydell hakuwa anaigiza tena. Uso ulikuwa umemshuka. Akasogea karibu, akaiweka maikrofoni yake mbali na mdomo.

"Verlene, usinifanyie hivi. Tutaongea nyumbani."

"Sema tu mimi ni nani, Roydell. Sema na maikrofoni."

Akautazama ule ukumbi. Akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kweli kabisa, na wanawake wa mbele wakaanza kulia pamoja naye. Maikrofoni hakuinyanyua.

Nikafunua foili, nikaweka pete juu ya sahani, nikaifunika tena.

"Sahani yako hii," nikamwambia. "Nyumbani hutaikuta nyingine."

Ukumbi ukalipuka. Noti zikaanza kutua miguuni pangu kama ilivyo desturi, nikazikanyaga nikishuka. Nje, yule mwenye kofia ya zambarau akanikimbilia, akanikumbatia kwa nguvu.

"Binamu, umeigiza vizuri sana. Nimekumbuka mume wangu wa kwanza."

Nilikwenda Memphis kwa dada yangu Odessa. Sikulala wala sikula kama mtu. Simu ikawa inaingia ujumbe.

"Rudi tuzungumze."

"Mke wangu nakuomba."

Huo wa pili niliusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Aliweza kuliandika neno lenyewe pale ambapo hakuna anayeona. Kisha ukaja mwingine.

"Video ya Jackson imesambaa kila mahali. Promota wa Mobile anatutaka wote wawili. Na wa Shreveport."

Nikampigia.

"Unaniomba nirudi nyumbani au nirudi jukwaani?"

Nyuma yake nikasikia mafuta yanachemka, na mtu anageuza samaki kwenye kikaango. Kikaango changu. Naujua mlio wake.

"Hawautaki wimbo bila wewe," akasema.

"Nimekuuliza jingine."

"Verlene, mimi nina nini zaidi ya wimbo ule?"

Nikakata simu. Mwezi wa saba hakimu akavunja ndoa yetu, mambo yakaisha haraka kuliko foleni ya posta. Mwezi wa nane Roydell na Lakendria wakafunga ndoa ofisini kwa karani wa kaunti, kimya kimya. Mwezi wa tisa nilikuwa kwenye gari la bendi tena, kiti cha nyuma, na sahani yangu ya kuigizia magotini.

Odessa alinipigia kelele, akalia, kisha akachoka na mimi. Kiwandani waliniambia nafasi yangu ya kukata minofu bado ipo. Kwa hiyo siwezi kusingizia njaa. Nilirudi kwa sababu nampenda, na najua ni jibu la aibu. Miaka yote niliyokuwa mke wake sikuitwa hivyo hata siku moja mbele ya watu. Sasa naitwa kila Jumamosi, kwa muda wa wimbo mmoja, na mwisho wa wimbo namwacha. Nimemwacha Mobile, nimemwacha Shreveport, nimemwacha Meridian mvua ikinyesha. Watu wanalia kila mara. Naye analia kila mara, na sijui tena machozi yake yapi ni yapi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Selma, kwenye uwanja wa maonyesho, mchana kweupe. Roydell alikuwa mbele ya kioo cha gari anafunga vifungo.

"Vua pete, Lakendria," akasema bila kumtazama.

Siku hizi Lakendria haimbi nyuma tena. Watu wanamkumbuka kwenye video kama yule binti wa kahawa, kwa hiyo amekatwa nywele, amevalishwa miwani, amewekwa kwenye meza ya fulana. Wakiuliza, yeye ni mpwa wa Roydell.

Aliivua. Akajipapasa, suruali yake haikuwa na mfuko. Akanigeukia huku nyuma.

"Bi Verlene, una mahali pa kuniwekea?"

Ningeweza kumwambia mengi. Ningeweza kumwambia ashuke, atembee hadi kituo cha basi, arudi kwao Eutaw angali kijana. Nilifungua mfuko wa aproni, ile ile ya zamani ambayo sasa ni vazi langu la jukwaani, akaidondosha pete yake juu ya yangu, ile ninayorudishiwa kila wimbo ukiisha. Zimefanana. Kanunua duka lile lile.

"Asante, mama," akasema.

Muziki uliposhuka nilipanda na sahani yangu. Roydell akanishika mkono, akaigeukia hadhara, maikrofoni mdomoni.

"Wapendwa, huyu ni mke wangu."

Wanawake wakasimama wote. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa pete moja bila kutazama ni ipi, nikaiweka kwenye sahani na kuifunika. Kule nyuma, kwenye meza ya fulana, mwanamke mmoja alikuwa ameinama anamnong'oneza Lakendria kitu sikioni. Nilimwona Lakendria akitikisa kichwa, midomo ikisema maneno machache ninayoyajua. Kisha akainamia boksi kumtafutia saizi yake.