Kiraka cha Katikati

Robota lilipokatwa kamba, watu waliliruka kama fisi. Soko la nguo kuukuu asubuhi halina adabu. Viwiko vinaingia mbavuni, visigino vinasaga vidole, na mama mtu mzima anavutana kilemba na mwenzake kwa ajili ya sketi. Ndani ya vumbi lile na harufu ya dawa ya nondo, watu wawili walishika pazia moja zito la buluu, lenye maua madogo meupe.

Mmoja alikuwa mwanamke mfupi, kavaa gauni la kijivu na kitambaa cheusi alichokikaza kichwani kama mtu anayekwenda vitani. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu, shati lake jeupe lina madoa ya gundi mpaka kolani.

"Achia, kaka."

"Nimelishika mwanzo, dada."

"Umeshika pindo. Mimi nimeshika tumbo."

"Kumbe pazia lina tumbo?" Akacheka, akavuta.

Mwanamke hakucheka. Aliinama akamuuma kifundo cha mkono, akauma kweli, mpaka akaonja damu na gundi. Mwanamume alipiga ukelele, akaachia, akajigonga kisogo kwenye nguzo ya banda.

"Rafu! Rafu hiyo! Refa yuko wapi? Kadi nyekundu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke hakujua rafu ni kitu gani. Alikuwa ameshainua kiwiko kukinga uso, kama alivyozoea, akisubiri kofi. Kofi halikuja. Alipochungulia, akamwona mwanamume amesimama anakagua alama za meno mkononi.

"Meno yote yapo," alisema. "Hongera. Sasa niambie, unalitakia nini pazia?"

"Nashona blanketi la viraka. Nimekosa kitambaa cha pembeni. Na wewe?"

"Najalidi vitabu. Kitabu kikichanika ngozi, mimi nakivalisha nguo mpya. Tugawane?"

Mwanamke akatoa mkasi mkobani. Wakaligawana palepale juu ya robota, huku watu wakiwakanyaga.

"Wenzangu huniita Sindano," alisema alipokuwa akikunja nusu yake.

"Nilidhani watakuita Mamba. Mimi ni Gundi. Nina kitabu cha mablanketi kama hayo unayosema, kimejaa picha. Njoo ukione. Ila ukija, uwe umeshakula."

*

Gundi alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo refu. Humo mlikuwa na mashine ya chuma ya kukandamizia, nyuzi zilizopakwa nta, na kikopo cha gundi kilichotokota juu ya jiko dogo. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa lugha isiyojulikana na mtu yeyote mtaani, lakini picha hazina lugha. Sindano alifunua ukurasa baada ya ukurasa, mdomo wazi. Aliona nyota zilizoshonwa kwa mashati ya wanaume, nyumba zilizoshonwa kwa aproni, na blanketi moja lililoanzia katikati likazunguka na kuzunguka kwa vipande virefu, kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Hili," alisema. "Lakini ukurasa wa katikati haupo. Nitajuaje pale pa kuanzia panakaa nini?"

"Labda umeliwa na panya. Mimi hufunga vilivyopo, dada yangu. Vilivyokwenda sivijui."

Akakijalidi upya kwa lile pazia la buluu, akampa achukue.

Sindano alikipeleka kwa wenzake. Walikuwa wanawake wachache waliokutana nyuma ya duka la cherehani, wakizunguka fremu ya mbao. Mkubwa wao alikuwa Bibi Pini, aliyezungumza na pini zimejaa mdomoni bila kumeza hata moja. Mama Pacha ndiye aliyekuwa na kicheko, na wanawe wawili walikuwa wazimu wa mpira. Kitabu kilizungushwa mikononi, kila mmoja akachagua ugomvi wake.

"Hizi rangi zinapigana," alisema Mama Pacha.

"Ziache zipigane," alijibu Bibi Pini kwa pini zake. "Blanketi la rangi zinazoelewana linaleta usingizi kabla hujalala. Haya, Sindano, lete vitambaa vyako tuvione."

Sindano alimwaga mfuko mezani. Yalikuwa magauni, mazuri yote, na yote yamechanwa.

"Hili la manjano lilichanika begani, siku aliyonibamiza mlangoni. Hili la zambarau alinikaba nalo shingoni. Hili la kijani hata halikuchanika, alilikata kisu nikiwa nimelivaa."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Aliyekuwa mumewe alikuwa muuza nyama, mikono yake mizito, na kila timu yake ilipofungwa alimpiga yeye. Sindano alijifunza kuondoka chumbani redio ilipotaja mpira. Hakujifunza lolote jingine la mpira. Siku ya talaka mtu yule alimtemea maneno ya mwisho: "Ulikuwa kiraka tu, cha kuzibia tundu mpaka nipate nguo yenyewe."

Bibi Pini alitema pini zote mkononi. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Tumia uzi mwekundu," alisema. "Usifiche mshono hata mmoja. Na hapo katikati pasipo na ukurasa, paache wazi. Mungu hajamaliza."

*

Simu zikaanza.

"Hujambo, muumaji?"

"Sijambo, muumwaji. Mkono umepona?"

"Umepona vibaya. Alama zimefifia. Nije unigongee mhuri upya?"

"Koma, Gundi! Niko na watu wazima hapa."

"Wasalimie. Waambie kipenzi chako anaulizia kitabu chake."

"Kipenzi gani? Nina vitabu vingi mimi."

Wanawake waliozunguka fremu walikohoa wote kwa pamoja. Mungu ana yake: yule aliyekuwa akishtuka mlango ukigongwa, sasa alishtuka simu ikinyamaza.

Siku moja akavaa gauni jipya la rangi ya zafarani, lisilo na historia, akaenda kibandani bila kutoa habari. Alipofika chini ya ngazi, akasikia sauti ya Gundi akizungumza na kaka yake kwa simu. Akasimama, akitabasamu, asikie anavyosifiwa.

"Huyu? Huyu ni kiraka, kaka! Nakuambia kiraka kabisa! Mpange popote... Ee, ndiyo, huyohuyo aliyeniuma."

Damu ilimpanda Sindano mpaka masikio yakaziba. Alisukuma mlango. Kitabu cha jalada la buluu kilikuwa mkononi mwake, naye akakirusha kwa nguvu zote alizowahi kupigwa nazo. Pembe ya jalada ikampasua Gundi juu ya jicho. Damu ikamwagika kwenye kurasa alizokuwa akizishona.

"Sindano! Umeona nini, laazizi?"

"Laazizi ni mjomba wako! Unataka kiraka? Haya, tafuta kimoja ubandike hapo usoni!"

Akaondoka. Gundi alibaki ameziba jicho kwa karatasi, kaka yake akipiga kelele simuni, "Haloo? Haloo? Nani kafunga?"

*

Wiki nzima Sindano hakupokea simu. Alishona kwa hasira mpaka vidole vikatoboka. Mwisho Mama Pacha akashindwa.

"Mwenzetu, unalitia damu blanketi. Amekufanya nini huyo mtoto wa watu?"

"Ameniita kiraka. Nimemsikia kwa masikio yangu. Neno lilelile la yule mwingine."

"Alisemaje? Yalete maneno yenyewe."

"Alisema, ni kiraka kabisa, mpange popote."

Mama Pacha alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu.

"Mpange popote! Ewe Sindano, maskini wa Mungu! Huyo amezungumza mpira! Mchezaji anayeweza kila namba, nyuma, kati na mbele, wanamwita kiraka. Hakuna sifa inayoishinda hiyo. Wanangu mimi nikiwapikia, nikiwafulia na nikiwachapa siku moja, ndivyo wanavyoniita!"

"Na mimi nimempasua uso," alisema Sindano polepole.

"Mpigie," alisema Bibi Pini.

Alipiga simu. Iliita mara moja tu.

"Gundi."

"Naam."

"Uso unauma?"

"Unauma. Lakini uso una nafuu kuliko moyo."

"Mimi... sikujua kama mpira nao una viraka."

Halafu Gundi akavuta pumzi ndefu. "Lo! Kumbe ulinisikia..."

Mlango ulipigwa teke ukang'oka bawaba.

Muuza nyama alisimama kizingitini na aproni yake ya kazi, kisu cha kuchunia mkononi, macho mekundu. Alikuwa amesikia mtaani kwamba mtalaka wake amepata mwanamume. Sindano aliangusha simu. Simu haikukatika.

"Yuko wapi?" aliuliza. Kisha akaona lile blanketi lililotandazwa kwenye fremu. Akalisogelea, akagusa kipande cha manjano. "Hili gauni nilinunua mimi."

"Na wewe ndiye uliyelichana," alisema Sindano. Sauti yake ilitoka nzima, naye akaishangaa.

Kisu kilishuka. Kilipasua blanketi kutoka pembeni mpaka katikati, pamba nyeupe ikatapakaa kama matumbo. Mama Pacha alimrukia mgongoni. Mtu yule akamtikisa kama mdudu, akamtupa juu ya cherehani, mdomo wake ukapasuka. Bibi Pini alitupa mkasi, ukamchoma begani. Hakusikia. Alimshika Sindano kitambaa cha kichwa, akamvuta mpaka magoti yake yakagonga sakafu, akainua kisu.

Gundi aliingia akikimbia, hana pumzi, plasta bado usoni. Kibanda kilikuwa mtaa wa pili, naye alikuwa amesikia yote simuni. Hakujua kupigana. Alijitupa kati yao tu, akakinga mkono wake. Kisu kikapasua shati toka kiwiko mpaka kifundo, kikapasua na nyama iliyokuwa ndani. Damu ilimrukia Sindano usoni, ya moto.

Hapo ndipo Sindano alipong'oa blanketi kwenye fremu. Alimvika yule mtu kichwani, lote, na magauni yake yote, akalivuta kwa nguvu. Muuza nyama akapepesuka ndani ya giza la viraka, akaanguka, kisu kikasukumwa kwa teke chini ya kabati. Wanawake wakamwangukia. Bibi Pini akamkalia kifuani, akachukua pasi iliyokuwa inawaka, akaisogeza karibu na pale palipojitokeza sikio.

"Tikisika," alisema, "nikunyooshe."

"Mama Pacha, nipe sindano kubwa," alisema Sindano.

Wakamshona. Miguu mpaka mabega, uzi mwekundu, mishono mirefu, naye anatukana mwanzo, halafu anaomba, halafu analia. Askari walipofika ilibidi waazime mkasi ili wamtie pingu.

*

Mkono wa Gundi ulishonwa hospitali. Alisema daktari anashona vizuri lakini hajui kuchagua rangi ya uzi.

Muuza nyama akafungwa jela. Blanketi likarudi kwenye fremu, na ule mpasuko uliofika mpaka katikati ukabaki wazi, hakuna aliyethubutu kuugusa. Siku moja Sindano aliomba lile shati jeupe.

"Lina damu na gundi," alisema Gundi. "Nimelifua kwa maji baridi, halitakati."

"Ndilo ninalolitaka."

Alikata ule mkono uliochanika, akautandaza pale pasipo na ukurasa. Madoa ya gundi yalikuwapo, na doa moja la kahawia lililokataa kutoka. Wanawake walitazama, hakuna aliyesema rangi zinapigana.

"Nguo hizi zote zilichanwa mwilini mwangu," alisema Sindano. "Hii imechanwa mbele yangu."

Gundi alipiga magoti, akajigonga kwenye mguu wa fremu.

"Sindano, roho yangu, tuoane."

Sindano hakuinua macho. "Nitakujibu siku timu yako ikifungwa."

"Astaghfiru! Timu yangu haijafungwa msimu huu wote! Unataka nizeeke?"

"Basi zeeka."

Mama Pacha alifungua mdomo aulize. Bibi Pini akamkanyaga kidole.

Ikapita miezi ya kupanda, ikapita ya kuvuna. Jumamosi alasiri walikuwa wote chumbani, redio juu ya kabati, Sindano akimalizia pindo la buluu. Safari hii hakuondoka. Mtangazaji alipaza sauti, umati ukanguruma, na timu ya Gundi ikafungwa dakika za mwisho, tena kwa mkwaju wa penalti uliotolewa kwa hila.

Gundi akaruka kitini. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Refa mwizi! Mwizi mkubwa!"

Mkono wa Sindano ulisimama, sindano imeingia nusu. Kiwiko chake kikaanza kupanda chenyewe. Bibi Pini akavuta pasi karibu.

Gundi akainua mkono wenye kovu. Ulipaa juu, ukapita kichwa cha Sindano, ukafika kabatini. Akazima redio.

"Tumefungwa," alisema, akakaa kama gunia lililotobolewa. Akasugua uso. Halafu akatazama huku na huku, akasimama tena. "Nichemshe chai? Nani hanywi sukari?"

Kiwiko cha Sindano kilishuka taratibu, kikatulia juu ya kiraka cheupe. Akapitisha sindano, akavuta uzi mwekundu mpaka mwisho, akafunga fundo.

"Mimi nanywa," alisema. "Na jibu ni ndiyo."

Kisha akainama, akakata uzi kwa meno, na Gundi bila kujijua akajishika kifundo cha mkono.