Tairi za Normand Zenye Meno

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Ghislaine alikuwa wa kwanza kuamka. Alichemsha kahawa. Alichoma mkate. Kisha alimpimia mumewe maji kwa kikombe kidogo, maana Normand hakuruhusiwa kunywa apendavyo. Figo zake zilikuwa zimekufa. Siku hizo tatu alikwenda hospitali ya Chicoutimi, kilomita themanini kutoka kijijini, kusafishwa damu kwa mashine.

Dereva alikuwa Ghislaine. Normand alikuwa ameendesha gari miaka hamsini, na kuchana mbao kiwandani miaka arobaini, lakini sasa alikuwa abiria. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepasuliwa ili mashine ipate mahali pa kuingilia. Usibebe mzigo, waliambiwa. Usigongwe. Usivishwe hata saa. Kila asubuhi aliugusa kwa vidole, asikie damu inavyonguruma chini ya ngozi. Aliulea mkono ule kama yai.

Kazi moja tu aliiona bado ni yake. Kila Oktoba, kabla ya theluji, alilibadilishia gari tairi. Za kiangazi zilitoka, za baridi zikaingia. Aliziweka chini ya nyumba, zimeoshwa, zimefunikwa, kila moja imeandikwa kwa chaki: mbele kushoto, nyuma kulia. Gari la zamani lilipokufa, alinunua hili lililonyanyuka kidogo, lenye fowili, yaani magurudumu yote manne husukuma, na alilichagua kwa sababu tairi zake za baridi za zamani zililienea. Mwaka huu alishindwa kushika spana. Alikaa kwenye kiti ndani ya hema la gari, turubai la kuegeshea lililo mbele ya mlango, akamwelekeza mkewe.

"Kaza nati kwa kupishanisha. Si hiyo. Ya mkabala."

"Nimekusikia, mzee. Ungenyamaza ningekuwa nimeshamaliza."

"Na uyaone meno hayo," alisema, akinyooshea kidole mpira wa tairi. "Marefu kama ya mpya. Watu hutupa tairi ovyo. Hizi zitanizika."

Jumatano ya kwanza ya Desemba waliteremka kilima kuelekea darajani. Lami ilionekana nyeusi na safi. Kumbe ilikuwa barafu tupu. Kwenye kona Ghislaine alikanyaga breki, na gari halikupunguza mwendo. Alikata usukani, na gari likaendelea kule kule lilikokuwa likienda. Likaishia mtaroni, pua imezama kwenye theluji.

Hakuna aliyeumia. Huguette, mwenye gereji ya kijijini, alikuja na lori lake la kuvuta magari. Lakini saa ya mashine ilikuwa imepita. Kesho yake, Normand amevimba miguu na uso, Huguette aliwapeleka hospitali kwa lori lile lile. Walirudi jioni. Normand alivua koti, akakaa mezani, akasema:

"Hiyo ilikuwa ya mwisho. Siendi tena."

"Ukiacha utakufa."

"Wiki moja. Pengine mbili. Najua."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa hai. Sitakubali ufie mtaroni kwa ajili ya figo zangu."

Ghislaine aliondoa kikombe cha maji mezani. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Akifumba macho aliiona ile kona, na usukani usiosikia. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita. Ijumaa ikafika. Normand hakuvaa viatu. Ghislaine alipiga simu hospitali, akasema barabara ni mbaya, kisha akaenda kwenye hema la gari akalia mpaka kifua kikamuuma.

Hapo ndipo Huguette alipomkuta. Alikuwa amekuja kukagua bampa. Alimtazama, akampa kitambaa chake chenye oili, kisha akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Nani aliyekuuzia hizi?"

"Normand anazo siku nyingi. Zina meno."

"Hata babu yangu alikufa na meno yake yote." Huguette alifuta theluji ubavuni mwa tairi. "Soma hapa. Tarakimu nne za mwisho."

"Tatu, nne, moja, moja."

"Zilitengenezwa wiki ya thelathini na nne, mwaka 2011. Zina miaka kumi na mitatu. Sasa bonyeza kwa ukucha."

Ghislaine alibonyeza. Ukucha haukuzama hata kidogo. Huguette alitoka, akarudi na tairi mpya kutoka kwenye lori, ambayo nayo ilikuwa imelala kwenye baridi ile ile.

"Na hii."

Ukucha ulizama.

"Meno peke yake hayatoshi," alisema Huguette. "Mpira wa tairi ya baridi lazima ubaki laini wakati kila kitu kimeganda. Ukiwa laini, unashika. Ukizeeka unakuwa gogo, hata kama haujalika. Mimi nikiona tairi imepita miaka kumi, naitoa tu, sibishani nayo."

"Lakini gari hili ni la fowili."

"Fowili inakusaidia kuondoka, Ghislaine. Kwenye kusimama haikusaidii kitu. Tena inakudanganya. Inaondoka vizuri, nawe unadhani barabara ni nzuri."

"Kwa hiyo nichukue zipi? Kuna za misimu yote, kuna..."

"Za misimu yote ziache. Sheria yetu yenyewe inazikataa wakati wa baridi. Tafuta alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Zenye alama hiyo ziko za aina mbili. Kuna laini zisizo na njumu. Hazina kelele, na mjini wanakomwaga chumvi ni nzuri sana. Halafu kuna za njumu, vyuma vidogo vinavyouma barafu. Hizo zina kelele, na kwenye lami kavu hazina maana. Wewe unapita wapi?"

"Kilima cha daraja. Kando ya mto."

"Barafu kila asubuhi. Basi njumu. Na zote nne. Ukifunga mbili tu za mbele, mbele patashika na nyuma patateleza pakuzungushe."

Nyuma yao mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Normand alisimama pale na soksi, ameshika fremu. Hawakujua amesimama tangu lini.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyetutupa mtaroni," alisema.

Huguette hakumpaka mafuta. "Ndiyo, mzee. Wewe, na nusu ya kijiji hiki. Wote mnahesabu meno, hakuna anayesoma umri."

Normand aliitazama chaki yake kwenye tairi. Mbele kushoto. Uso wake ulisawijika, na Ghislaine alimhurumia kuliko siku zote. Kazi yake moja iliyobaki ilikuwa imechukuliwa mbele ya macho yake. Alirudi ndani.

Jumamosi Huguette alifunga tairi mpya. Kabla hajafunga, na tena baada ya kufunga, alimpeleka Ghislaine kwenye uwanja wa kanisa, ulioganda wote, akasimamisha kopo.

"Ukilifikia kopo, kanyaga breki. Usiachie."

Kwa tairi za Normand, gari lilipita kopo hatua ishirini na sita. Kwa mpya, hatua kumi na tatu. Ghislaine alizihesabu mwenyewe, akarudia.

"Pedali ikitetemeka usishtuke," alisema Huguette. "Ni breki zinafanya kazi yake. Siku za kwanza nenda polepole, njumu zikae vizuri. Na upepo upime kila mwezi, baridi huupunguza. Tena usisahau, barafu ni barafu. Tairi haikupi ruhusa ya kukimbia."

Jumatatu ikafika. Normand alikuwa kitandani, uso umevimba, pumzi fupi. Ghislaine alivaa koti.

"Mimi naenda Chicoutimi," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kuizoea barabara. Ukitaka, kaa. Nitapita ile kona peke yangu."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia kitanda kikilia. Normand alikuwa akitafuta viatu, akinung'unika kwamba mwanamke huyu ana kichwa kigumu kama mama yake.

Waliondoka. Njumu ziliunguruma chini. Theluji ilikuwa imesimama, na mto ulitoa mvuke. Ghislaine alishuka kilima polepole kuliko ile Jumatano. Walipoingia kwenye kona, lori la magogo lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Ncha za magogo zilitokeza nyuma, zikiwaelekea usawa wa kioo.

Alikanyaga breki. Pedali ilitetemeka. Hakuiachia.

Gari likasimama. Kati yao na magogo palibaki nafasi ya gari zima.

Kisha Ghislaine aliona kitu kimemkandamiza kifuani. Ulikuwa mkono wa Normand. Wa kushoto, ulio upande wa dereva. Alikuwa ameunyoosha mbele ya mkewe kumzuia asiende kwenye kioo, mkono ule usiovishwa hata saa.

"Mkono huo hauruhusiwi kubeba mzigo," alisema Ghislaine.

"Mzigo gani? Umekonda kama uzi."

Aliurudisha mapajani. Alipandisha mkono wa shati, akaweka vidole, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mtu huyu aliyesema haendi tena kwenye mashine alikuwa ameogopa sana.

"Bado inanguruma," alisema hatimaye.

Figo hazikupona. Tairi haziponyi figo, na siku ile kwenye mashine ilikuwa ngumu kuliko zote, alitapika mara mbili. Waliporudi alikuwa mweupe kama karatasi. Ghislaine alimshika kiuno wakavuka hema la gari hatua kwa hatua. Normand alisimama kando ya gurudumu la mbele, akapumzika. Akainama kwa shida, akafuta theluji ubavuni mwa tairi kwa kidole, akasoma tarakimu nne za mwisho.

"Lete chaki," alisema. "Nataka kuandika mwaka wa kuzitoa."

Aliandika. Kisha akashika bega la mkewe.

"Na Jumatano tutoke mapema kidogo. Kona ile siipendi."