Mwenye Wivu Haoni Usingizi

Gari jeupe lilikuwa nyuma yake tangu mzunguko wa pili.

Sindano alikata kushoto. Nalo likakata kushoto. Alipunguza mwendo mbele ya duka la vioo. Nalo likapunguza.

Aligusa hereni iliyoficha kinasa sauti.

"Kengele, nina mkia."

"Gari gani?" aliuliza Kengele, mwenzake wa kazi, aliyekuwa ameshaegesha nje ya hoteli.

"Probox nyeupe. Ina ngazi juu."

Akatazama tena kwenye kioo. Ngazi ile ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, mafundo mawili. Fundo moja alilifunga yeye mwenyewe, Jumapili.

"Kengele," alisema polepole. "Ni mume wangu."

Hereni ikakwaruza.

Kisha sauti ya Mkuu wa kikosi ikaingia, kavu kama kuni.

"Mpoteze. Au tunasitisha."

"Hatuwezi kusitisha, Mkuu."

Wote walijua hivyo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Kadi ndogo kuliko ukucha, iliyoibwa kwenye chumba cha kuongozea treni, ilikuwa ikabidhiwe kwa maajenti wa nje kabla ya saa sita mchana. Mwenye kadi ile angeweza kuziwashia taa ya kijani treni mbili zinazokuja uso kwa uso kwenye reli moja. Treni ya saa saba ilikuwa na abiria mia nane.

Mwizi wa kadi alikaa hotelini. Kikosi kilimpa jina la Suti, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila suti. Kwa wiki tatu Sindano alikuwa amejitia mfanyabiashara asiye na mume, akinywa kahawa na Suti, akisubiri siku ya makabidhiano.

Nyumbani alisema yeye ni mkaguzi wa ajali katika kampuni ya bima.

Mumewe, fundi wa mafriji, hakuwahi kumpigia kelele. Aliona manukato mapya. Aliona simu inalazwa kifudifudi mezani. Akanyamaza. Wiki iliyopita aliuliza neno moja tu: "Siku hizi ajali zimezidi, eh?"

Wivu wa kelele una dawa. Wa kunyamaza hauna.

Sindano alipita taa nyekundu mbili, akaingia uchochoro wa maghala, akatokea nyuma ya soko. Kioo kilikuwa kitupu.

"Nimempoteza."

Alijidanganya.

*

Suti alikuwa meza ya dirishani. Begi lake jeusi la Samsonite lilikuwa katikati ya miguu yake.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani umempata mwingine."

"Foleni tu."

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Mumewe alisimama pale na ovaroli lake la bluu, spana mkononi. Watu waligeuka. Kijiko kikaanguka mahali fulani.

"Kumbe hii ndiyo ajali unayoikagua kila siku!"

"Mume wangu, sikiliza..."

"Nimesikiliza wiki tatu! Leo nimekuja kuangalia."

Suti aliinuka. Uso wake haukuwa na woga. Ulikuwa na kitu kingine, na Sindano alikitambua mara moja. Ulikuwa wivu.

"Uliniambia huna mume," Suti alisema.

"Aa! Hana mume?" Fundi alicheka kicheko kibaya. "Basi mimi shemeji yake. Shikamoo, shemeji mwenzangu!"

Suti alinyakua begi, akatembea haraka kuelekea mlangoni.

"Sasa," Sindano alinong'ona kwenye hereni.

Kengele na watu wanne walimbana Suti kwenye ngazi. Begi likafunguliwa pale pale.

Shati. Shati. Soksi. Wembe wa Gillette.

Walipekua kitambaa cha ndani, visigino vya viatu, hata dawa ya meno. Hakuna kadi.

Suti alitabasamu. "Nimekuja kunywa kahawa. Kuna kosa?"

"Sindano, hana kitu," Kengele alisema kwenye hereni. "Na hakuna aliyemsogelea. Tumeweka watu kumi na wawili. Tangu alfajiri hakuna mtu!"

Ilikuwa saa nne na nusu.

*

Sindano alimvuta mumewe kwenye stoo ya vinywaji, akafunga mlango.

"Hujui ulichokifanya."

"Najua sana. Nimewafumania." Aliishika spana kwa mikono miwili kama mtu anayezuia asiitumie. "Unadhani mimi mjinga? Wiki mbili namfuata huyo bwana wako. Najua kinyozi wake. Najua kiatu chake cha kushoto kinamuuma. Hata kuwadi wenu namjua."

Sindano aliyekuwa ameshika kitasa akakiachia.

"Kuwadi gani?"

"Usijifanye! Yule bibi dobi. Kila asubuhi anapita chumbani kwake, anapewa shati. Shati moja! Mtu ana nguo begi zima, anatoa shati moja? Na yule bibi kabla hajalitia kwenye toroli anapapasa ukosi. Nikajua, hapo ndipo mnapofichiana barua za mapenzi."

"Umeonaje yote hayo?"

"Friji la ghorofa ya tatu nimelitengeneza mimi. Mara nne. Nalitengeneza, naliharibu."

Sindano alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kikosi kizima kilimwona bibi yule. Kila kijana wa kikosi alimpa shikamoo. Kengele alimsaidia kusukuma toroli. Nani angempekua bibi wa watu, mgongo umepinda kwa miaka ya pasi?

"Leo amempa shati?"

"Saa moja, kabla sijaja kukufuata wewe. La bluu."

Sindano alitoa bastola ya Glock mgongoni. Mumewe akarudi nyuma hadi akagonga kreti za soda.

"Kaa hapa," Sindano alisema. "Tafadhali, mume wangu. Kaa hapa."

*

Ngazi za chini. Tatu tatu, akimnong'oneza Kengele kwenye hereni azibe mlango wa nyuma wa dobi.

Chumba cha dobi kilikuwa na joto la mvuke na harufu ya sabuni. Mashine sita zilinguruma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nje gari la kubebea mashuka lilikuwa limewashwa injini.

Bibi alikuwa mezani, anakunja shati la bluu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Naomba hilo shati."

Bibi alitabasamu. Kisha mgongo uliopinda ukanyooka.

Pasi ya mvuke ilipita sentimita mbili kutoka sikio la Sindano, ikapasua kioo cha mashine. Bastola ilichomoka chini ya meza. Sindano aliipiga meza teke. Risasi ikatoboa bomba, mvuke mweupe ukajaa chumba.

Hakuona kitu. Akasikiliza.

Viatu vya raba. Kulia.

Alijirusha, wakaanguka pamoja kwenye rundo la mashuka. Mwanamke yule hakuwa bibi wa mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa mgumu kama chuma. Sindano alimpiga kiwiko shingoni mara moja, mara mbili, mpaka akalegea. Bastola ikateleza sakafuni. Nje, matairi yalilia, kisha yakanyamaza. Kengele alikuwa amelizuia gari la mashuka.

Sindano alipasua ukosi wa shati kwa meno.

Kadi ikaanguka kiganjani.

"Mkuu. Mzigo ninao."

Pumzi ndefu ilisikika upande wa pili. Kisha: "Mumeo anajua nini?"

"Anajua nina hawara."

"Vizuri. Mwache ajue hivyo hivyo."

Sindano alifuta damu mdomoni.

"Mkuu, watu wako kumi na wawili walimpa yule mwanamke shikamoo. Mume wangu ndiye pekee aliyemwangalia. Niandikie barua ya onyo. Nitaisaini."

Akazima hereni.

*

Mumewe alikuwa ameketi ndani ya Probox. Sindano aliinama dirishani na kumweleza: kadi, treni, wiki tatu. Si yote. Yaliyotosha.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za treni.

"Kwa hiyo manukato ni kazi."

"Kazi."

"Na kumwambia huna mume?"

"Kazi."

"Na kile kicheko? Cha Jumatano. Nilikuwa kwenye korido. Ulicheka mpaka ukashika meza."

Sindano aliwahi kuhojiwa siku mbili bila maji, na hakusema ukweli hata mara moja. Sasa alifungua mdomo, uongo ukakataa kutoka.

"Cha Jumatano alinichekesha kweli."

Mumewe alishika usukani.

"Basi nilikiona vizuri," alisema.

"Ulikiona vizuri."

"Mengine yote nilikosea."

"Mengine yote."

Akatikisa kichwa. Akawasha gari, lakini hakuondoka. Alinyoosha mkono, akamtoa mkewe uzi wa bluu uliokuwa umenasa kwenye nywele.

"Nenda kazini," alisema.

Sindano alivaa miwani yake ya jua, akavuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua gazeti, akaingia kwenye gari la Kengele.

"Wapi?" Kengele aliuliza.

"Stesheni. Nataka kuiona ile treni ikiondoka."